Jinsi Shingo ya Nakijwa Ilivyolala Upande

Kuna wakati mwili wa mtu ulikuwa mwili tu. Mkono ulikuwa wa kulimia na kulia chakula, mguu wa kupandia mlima, jicho la kuonea nyoka kabla hujamkanyaga. Hakuna aliyeambiwa kwamba ana mkono mrefu kwa sababu ya udokozi, wala hakuna aliyepiga moyo konde. Moyo uliachwa mahali pake ukadunda wenyewe. Ungemwambia mtu wa zama hizo kwamba jirani yake ana ndimi mbili, angekwenda kumfungua kinywa ahesabu. Msiwacheke. Kila neno mnalolitumia leo bila kufikiri, yupo mtu aliyelihangaikia kwanza.

Hii ni habari ya neno moja tu kati ya hayo, na ya mzee aliyelihangaikia. Aliitwa Kilave, na kwao kulikuwa Mitungini, kijiji cha milimani kilichojulikana kwa vyungu, ambako wanaume walilima mtama kwenye matuta ya mteremko. Kazi yake Kilave, mbali na mtama, ilikuwa kutazama shingo za watu.

Ndiyo, shingo. Watu wa Mitungini hawakuuamini ulimi. Walisema ulimi hauna mfupa, unakunjika utakavyo, ndiyo maana hujenga na hubomoa kabla ya kumeza mate. Kwa mambo madogo, kama kuazimana jembe au kuulizana habari za mbuzi, walisema kwa kinywa kama mimi na nyinyi. Lakini kwa mambo mazito, ndoa, urithi, ardhi, mtu hakujibu kwa kinywa. Alijibu kwa shingo, ambayo ina mfupa. Ikiinama mbele, amekubali. Ikirudi nyuma, amekataa. Mtazama shingo alisimama mbele yake akaangalia, kisha akatangaza, na jibu likishatangazwa halikurudi.

Tena walikuwa na desturi nyingine, na hii ndiyo iliyowaponza. Swali zito halikupelekwa kwa mtu nyumbani ameketi. Lilimfuata alipo: shambani, mtoni, njiani. Walisema mtu akipewa muda wa kuketi, ataifundisha shingo yake namna ya kujibu. Mtu akiulizwa ghafla, hujibu shingo yenyewe. Kilave aliipenda sana desturi hiyo. Baba yake alikuwa mtazama shingo, na babu yake pia, na katika ukoo wao hakuna aliyewahi kusita. Kilave mwenyewe alikuwa akisema kwamba shingo ni rahisi kusoma kuliko mawingu, kwa kuwa ina njia mbili tu.

Basi ukaja mwaka ambao mvua zilipita juu ya Mitungini bila kushuka. Kijito kilichokuwa karibu kikabaki tope, na wanawake wakawa wanachota tope hilo, wanaliacha litulie, wanakunywa kilichobaki juu. Mtama ukakauka ukiwa haujatoa masuke. Chemchemi pekee iliyobaki ilikuwa juu kabisa, nyuma ya mwamba, na wazee wakaamua uchimbwe mfereji kutoka huko hadi kwenye ndiva, bwawa dogo ambalo mababu walilijenga kwa mawe juu ya mashamba. Njia ilipimwa kwa macho, ikapimwa tena kwa kamba. Kila ilipopimwa ilipita mahali pamoja. Kushoto kulikuwa na mwamba usiovunjika kwa jembe, kulia kulikuwa na korongo, na katikati kulikuwa na shimo la udongo la Nakijwa.

Nakijwa alikuwa mjane na mfinyanzi. Shimo lile aliachiwa na mama yake, na mama yake na bibi yake. Udongo wa mahali pengine pale kijijini ulifaa kwa kukandika nyumba, lakini chungu ukikifinyanga kilipasuka motoni. Udongo wa shimo lile haukupasuka. Maji yakipita pale, yangeusomba wote hadi mashambani katika msimu mmoja, na Nakijwa angebaki na mikono tu. Hakuna asiyelijua hilo. Lakini kiu nayo haikumwacha mtu, na watoto walikuwa wameanza kuharisha kwa ajili ya tope.

Wakaenda kumwuliza. Mbele alikwenda mkuu wa kijiji, Mzee Sengondo, mtu mpole lakini mwenye haraka, na nyuma yake Kilave, na nyuma yao nusu ya kijiji. Walimkuta njiani akipanda kutoka shimoni, ana ngata kichwani, na juu ya ngata ana kapu la udongo mbichi unaochuruzika maji. Mzigo kama ule hubebwa kwa shingo iliyonyooka wima, macho mbele, na mtu hazungumzi sana. Aliposimama, walisimama.

"Nakijwa, mama," akasema Mzee Sengondo, "kijiji kinakuuliza. Mfereji upite shimoni kwako, au usipite?"

Kilave akasogea, akaitazama ile shingo.

Haikwenda mbele. Haikurudi nyuma. Ilitulia kitambo, mshipa mmoja ukacheza chini ya sikio, kisha ikalala upande wa kulia, taratibu, kama mgomba uliozidiwa na mkungu wake. Kapu likayumba. Nakijwa akalishika kwa mkono mmoja lisianguke, akawapita wote, akaendelea kupanda na shingo yake vilevile.

"Haya, Kilave," akasema mkuu. "Tunakusikiliza."

Kilave akasita. Aliwahi kuona shingo zinazotetemeka na shingo zinazochelewa, lakini mwisho wake zote zilikwenda moja ya njia mbili. Hii ilikuwa imekwenda wapi? Akajaribu kukumbuka kama baba yake alimwambia lolote kuhusu shingo ya upande, hakumwambia. Labda ni mzigo, akawaza. Udongo mbichi ni mzito. Pengine alitaka kuinama mbele, kapu likamvuta. Au pengine alitaka kurudisha nyuma, likamvuta vilevile. Watu walikuwa wakimkodolea macho, na midomo yao ilikuwa imepasuka kwa ukavu, na shamba lake mwenyewe lilikuwa pale chini likionekana wazi, rangi ya majivu.

"Amekubali," akasema.

Watu wakashangilia, wakaenda kuchukua majembe. Kilave alibaki amesimama njiani akijiuliza kama aliyesema vile ni macho yake au koo lake.

Kazi ya mfereji ilianza, na hapo ndipo mambo yalipochanganyika. Nakijwa alifika nyumbani, jirani akamtua kapu, na shingo haikunyooka. Akaoga, haikunyooka. Akaamka asubuhi ya pili, imelala vilevile, sikio la kulia karibu liguse bega. Jirani akasema ni upepo mbaya. Mwingine akasema amelala vibaya usiku. Akaitwa mkandaji, akamkanda kwa mafuta ya nyonyo hadi mafuta yakaisha, na mkandaji akaondoka akisema hajaona fundo lolote ndani, shingo ni laini kama ya mtoto, ila haitaki. Haitaki nini? Hilo mkandaji hakulijua, na alipoulizwa zaidi alikasirika.

Halafu vyungu. Nakijwa aliendelea kufinyanga kama kawaida, na kila chungu alichokitoa kilitoka kimeinama upande. Havikuwa vibovu, havikuvuja, havikupasuka motoni. Lakini ukikiweka jikoni, mchuzi ulikusanyika upande mmoja, na mwanamke aliyekuwa akisonga ugali ilimbidi naye ainamishe kichwa ili aone vizuri. Ikawa ukipita Mitungini jioni unawaona wanawake wamekaa mafigani vichwa vimelala, na hakuna aliyeweza kukueleza kwa nini. Wengine wakaanza kusema kijiji kimelogwa. Wengine wakasema hapana, ni njaa.

Kilave aliyasikia yote hayo na hakula vizuri. Mkewe aliitwa Nambike, mwanamke wa maneno machache aliyetoka kilima cha pili. Alimwekea uji, ukapoa.

"Baba Mbonea," akasema, "uji hauna kosa."

"Nashindwa kuelewa," akasema Kilave. "Kama ilikuwa mzigo, mzigo umeshatuliwa. Kama si mzigo, ni nini?"

"Uliona nini siku ile?"

"Niliona shingo imelala upande."

"Ukasema nini?"

"Nikasema amekubali."

Nambike akachukua bakuli la uji akaenda kulipasha moto tena. Alikuwa na tabia hiyo. Ukitaraji jibu, anakupa uji.

Basi Kilave akaamua kufanya jambo ambalo hakuna mtazama shingo aliyewahi kulifanya, yaani kwenda kumwuliza mtu alimaanisha nini. Alimkuta Nakijwa uani, amekaa na donge la udongo mapajani, vidole vinakwenda, kichwa kimelala begani. Vyungu vilivyoinama vilikuwa vimepangwa ukutani.

"Shikamoo, baba," akasema Nakijwa bila kuacha kazi. "Karibu kigoda."

"Marahaba, mama. Nimekuja kuuliza neno." Kilave akakaa. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na sasa ilimbidi aulize alichopaswa kukijua. "Siku ile njiani. Ulikubali au ulikataa?"

"Ananiuliza mtazama shingo?"

"Ndiye."

"Mimi shingo yangu siioni, baba. Wewe ndiye uliyeiona."

Kilave akakuna kichwa. Nakijwa alimwonea huruma, au pengine alichoka kunyamaza, maana aliweka donge chini akafuta mikono.

"Mlipokuja," akasema, "niliwaona watoto nyuma yenu, midomo yao ina tope. Nikataka kuinamisha mbele, haki ya Mungu. Kisha nikanusa udongo uliokuwa ukinichuruzikia usoni. Mama alinifundisha udongo ule kwa kunitia kipande kinywani nionje, kwa sababu mfinyanzi hujua udongo kwa ulimi kabla ya mkono. Nilikuwa mdogo. Nikataka kurudisha nyuma. Sasa shingo ni moja, baba. Haikujua iende wapi."

"Kwa hiyo ulikataa."

"Sikukataa. Ukisema nilikataa utakuwa umesema uongo, na watoto watazidi kunywa tope."

"Basi ulikubali."

"Hilo umeshalisema. Kijiji kizima kilisikia."

"Lakini ni kweli?"

"Ni kweli. Ila si kweli yote."

"Mama, haiwezekani mtu akubali na asikubali kwa wakati mmoja. Hakuna shingo kama hiyo."

"Najua haipo," akasema Nakijwa. "Ndiyo hii hapa."

"Ungalisema siku ile ile. Ungalinieleza."

"Kwa kinywa? Si nyinyi mnaosema ulimi hauna mfupa?"

Kilave akainuka. Akaaga, akatoka. Njiani, pale asipoonekana na mtu, alisimama akalaza shingo yake upande, aone kama atafahamu. Alichokifahamu ni kwamba mlima ukiutazama hivyo unaonekana kama unataka kumwaga mashamba yake. Mtu mmoja akatokea na mbuzi wake, akamkuta hivyo, naye kwa woga akafikiri ule ugonjwa umemfikia mtazama shingo pia. Hadi jioni habari ilikuwa imezunguka kijiji kizima, na mkandaji akaanza kuficha mafuta yake.

Mfereji ukakamilika. Ulishuka kutoka chemchemini, ukazunguka mwamba, ukafika ukingoni mwa shimo la Nakijwa, na hapo ukazibwa kwa kigogo cha mgomba na matope, maji yote yamejaa nyuma yake yakisubiri. Siku ya kufungua maji ilikuwa na sheria yake. Mwenye ardhi ndiye anayeng'oa kigogo kwa mikono yake mwenyewe, na kabla hajang'oa, mtazama shingo hutangaza jibu lake mara ya pili, mbele ya maji, ili maji nayo yasikie. Kijiji chote kilikusanyika kwenye mteremko. Nakijwa alisimama ukingoni, shingo imelala, mkono mmoja juu ya kigogo.

Mzee Sengondo akamwashiria Kilave. Kila mtu alijua neno litakalotoka. Walikuwa wameshafungua vinywa kushangilia.

"Amekubali," akasema Kilave.

Vifijo vikaanza. Kilave akainua mkono, vikakatika. Alikuwa akimtazama Nakijwa, na alijisikia kama mtu aliyetumwa kupeleka chungu kizima akakipeleka nusu.

"Amekubali," akarudia, "shingo upande."

Watu wakatazamana.

"Neno gani hilo?" akauliza Mzee Sengondo. "Mbele au nyuma?"

"Si mbele, mkuu. Wala si nyuma."

"Njia ni mbili tu, Kilave. Wewe ndiye unayetuambia kila siku."

"Zilikuwa mbili. Ya tatu ile pale, tazama."

Vurugu ikazuka. Mmoja alisema kama si mbele basi ni kukataa, maji yarudishwe. Mwingine akasema yarudishwe wapi, watoto wanywe nini? Wa tatu alitaka kujua kama jibu la upande lina uzito wa nusu, na kama lina nusu, wang'oe nusu ya kigogo. Wazee wawili waliokuwa hawasikilizani wakagundua kwamba wanabishania upande mmoja. Mzee Sengondo alijishika kichwa. Na katika kuchanganyikiwa kule, watu walianza kufanya alichokifanya Kilave njiani: mmoja baada ya mwingine akalaza shingo upande, kujaribu, kuona ni jibu gani linalokaa hivyo. Mteremko mzima ukawa wa vichwa vilivyolala.

Kelele zikapungua zenyewe. Ilikuwa ajabu. Mtu alilaza shingo kwa mzaha, kisha uso wake ukabadilika, akanyamaza.

"Mimi naijua hii," ikasema sauti ya mwanamke.

Alikuwa Nambike. Alikuwa amelaza kichwa begani na macho yake yalikuwa mbali.

"Niliposimamishwa njiani mbele ya baba mkwe wangu, niulizwe kama nakuja Mitungini, shangazi alikuwa nyuma yangu ameniwekea kiganja kisogoni. Kiganja kilipobonyeza, shingo ilikwenda mbele. Ikatangazwa nimekubali. Lakini ingeachwa yenyewe, ingekaa hivi." Akaigusa shingo yake. "Ndivyo nilivyokuja kwako, Baba Mbonea."

Kilave akageuka. Alikuwa ameishi na mwanamke huyu tangu wote wawili hawana mvi. Amekula uji wake asubuhi zote hizo. Alikuwa anajisifu kwa kusoma shingo za watu wa milima yote, na shingo iliyokuwa ikilala karibu yake hakuwahi kuisoma. Iliuma, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakujua akasirike au aombe radhi.

Hakuwa peke yake. Kijana mmoja alikumbuka siku alipokubali mgawo wa shamba la baba yake. Mzee Sengondo mwenyewe, shingo yake imelala bila yeye kujua, alikuwa akikumbuka siku alipowekewa kigoda cha ukuu kaka yake alipofariki, naye moyoni alitaka kubaki na nyuki wake. Kila mmoja alikuwa na lake. Na kadiri walivyokumbuka ndivyo walivyozidi kuchanganyikiwa, maana kama kukubali kwingi kwa Mitungini kulikuwa kwa namna hii, basi yale yote yaliyotangazwa yalikuwa nini?

"Basi kumbe tumejengwa juu ya uongo," akasema Mzee Sengondo kwa sauti ndogo.

"Si uongo, mkuu," akasema Nambike. "Mimi nilikuja, na nipo."

"Na shingo yako?"

"Ilinyooka." Akamgeukia mumewe. Alisema polepole, kama mtu asiyezoea kuwa na watu wengi wanaomsikiliza. "Siku ile tulipotoka kwetu nilikuwa nimetwishwa mzigo wangu, vyungu na mikeka na jiwe la kusagia. Njia nzima nililia kimyakimya. Tulipofika kwenye mto, huyu bwana akanisimamisha, akanitua. Akajitwisha mwenyewe, mwanamume na ngata kichwani, akaubeba hadi hapa, na nyinyi wote mkamcheka. Mnakumbuka mlivyomcheka?"

Wazee wakakumbuka. Baadhi yao walicheka tena kidogo.

"Alikuwa hajui kama shingo yangu ilisukumwa. Alibeba tu. Lakini hadi tulipofika mlangoni, ilikuwa imenyooka."

Kilave hakuwa amekumbuka habari ya mzigo ule kwa miaka mingi. Kwake ulikuwa mzigo tu, na aibu ya kuchekwa. Akamtazama mkewe, kisha akamtazama Nakijwa aliyekuwa bado ameweka mkono juu ya kigogo akingoja waamue, kisha akatazama shimo lililojaa udongo mweusi unaong'aa. Hakuna aliyemwambia la kufanya. Alivua shuka lake la begani, akaliviringa likawa ngata, akashuka shimoni.

"Kilave, unafanya nini?" akaita mkuu.

"Nabeba," akasema Kilave.

Alichimba donge kubwa kwa mikono, akajitwisha kwa tabu, akapanda nalo hadi uani kwa Nakijwa, akalimwaga. Akarudi. Alipofika shimoni mara ya pili alimkuta Nambike ameshachukua la kwake, na Mzee Sengondo anauliza ngata inaviringwaje. Baada ya hapo hakuna aliyebaki mteremkoni. Wanaume ambao hawakuwahi kubeba kitu kichwani tangu wazaliwe walijitwisha udongo mbichi, ukawachuruzikia machoni na kwenye ndevu, na shingo zao zisizozoea zilikwenda kulia na kushoto kama vibuyu juu ya maji. Njiani ukimwuliza mtu neno, hakuweza kukuitikia mbele wala nyuma. Alikuwa akigumia tu na kuendelea.

Ulipita mchana mzima. Uani kwa Nakijwa ukasimama mlima wa udongo uliozidi nyumba yake, ukafunikwa kwa majani ya migomba usikauke. Ulikuwa udongo wa kumtosha yeye na yeyote atakayemfundisha, hadi mikono yao ichoke. Shimoni kulibaki sakafu ya mawe. Nakijwa aliuzunguka ule mlima, akamega kipande, akakitia kinywani akaonja. Hapo machozi yalimtoka, na hakuyaficha. Lilikuwa bado ni shimo la mama yake, na sasa halikuwa shimo tena.

Akarudi ukingoni, akakishika kigogo, akaking'oa. Maji yakapita kwa kishindo, yakajaza pale palipokuwa na udongo, yakafurika, yakakimbilia kwenye ndiva. Watoto wakayaingia hadi viunoni. Watu walitazama maji, lakini Kilave alitazama shingo. Iliinuka. Haikunyooka kabisa, na wanaosema ilinyooka kabisa hawamjui mfinyanzi. Ilibaki imeegemea kidogo hadi siku alipoaga dunia, na vyungu vyake vilibaki na mwinamo mdogo, na watu walivipenda hivyohivyo.

Jioni ile Kilave na mkewe walirudi nyumbani, Nambike amejitwisha mtungi wa maji safi, wa kwanza tangu kiangazi kianze. Kilave alikuwa na swali lililomkaa kooni tangu asubuhi. Alilimeza njia nzima, na mlangoni likatoka.

"Mama Mbonea. Na leo? Ungeulizwa leo, shingo yako ingekwenda wapi?"

Nambike alisimama na mtungi wake, wima, macho mbele.

"Nitue kwanza," akasema.

Kilave akautua mtungi, akauweka chini vizuri usimwagike. Kisha akasimama mbele ya mkewe akatazama. Shingo ile ilivyokwenda aliiona yeye peke yake, na katika maisha yake yote ya kutazama shingo, ndiyo pekee ambayo hakuitangaza kwa mtu.

Na tangu siku hiyo, mtu akikubali jambo huku moyo wake haujafika, watu husema amekubali shingo upande. Hawamwiti mwongo, kwa kuwa amekubali. Lakini aliyemwomba anajua kwamba jambo halijaisha, bado kuna mzigo wa kusaidiana. Na tangu siku hiyo pia, kule milimani, ukikutana na mtu ana mzigo kichwani, hata kama una swali linalokuwasha namna gani, humwulizi. Unamtua kwanza.